Somo: Kufufua jenereta ya dizeli ya jeshi iliyokaa miaka bila kuwashwa

Wakuu, somo hili ni la jenereta za Jeshi la Marekani zinazouzwa zikishatolewa kazini, hasa MEP-802A ya kilowati 5 na MEP-803A ya kilowati 10. Ya kwanza ina injini ya Lister Petter LPW2 yenye silinda 2, ya pili ina LPW4 yenye silinda 4. Zote mbili zinapozwa kwa maji, zinakwenda mizunguko 1800 kwa dakika na kutoa Hz 60 (mawimbi 60 ya umeme kwa sekunde).

Nyingi nilizoletewa kama mbovu hazikuuawa na kazi, ziliuawa na kukaa. Dizeli imeoza tankini, swichi zimeota ukungu wa kijani, panya wamekula waya. Na mara nyingi mwenye mashine ameshanunua AVR mpya (kifaa kinachodhibiti volti za jenereta) kabla hajashika mita. Naomba sana, usinunue kifaa ambacho hujapima kile cha zamani.

Anza kwa kusoma kibati chenye jina na namba za mashine. MEP-812A na MEP-813A kwa nje ni pacha wa hizi, lakini zinatoa Hz 400. Vyombo vya kawaida havitumii umeme huo, na hakuna skrubu ya kuurudisha 60.

Hatua ya 1: Betri na ethi

Mfumo ni wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Pima kila moja peke yake ikiwa imekaa saa kadhaa bila chaja. Iliyojaa husoma karibu 12.6. Kisha mwenzako azungushe stata, wewe ukiwa na mita kwenye zote mbili kwa pamoja. Zikishuka chini ya 18, shughulika na betri kwanza.

Volti zikibaki juu na stata bado inajikongoja, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, azungushe tena. Ukisoma zaidi ya nusu volti, kebo ya ethi (inayounga nguzo hasi na chuma cha injini) ndiyo mgonjwa. Kuna mashine ilinila siku mbili, stata nimeshaishusha chini na kuifungua yote, kumbe ni kebo hiyo. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Nilipoichana plastiki, ndani nyuzi zimegeuka unga wa kijani.

Usivute volti 12 kutoka betri moja ili kuwasha taa au redio. Moja itaishiwa na nyingine itachajiwa kupita kiasi.

Hatua ya 2: Dizeli

Mwaga yote, osha tanki, badilisha filta, chunguza mipira ya mafuta kama imepasuka. Hapa hakuna njia ya mkato. Ukiwasha swichi kuu unapaswa kusikia pampu ndogo ya umeme ikigonga tik-tik-tik. Kimya maana yake fyuzi, waya au pampu yenyewe, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 3: Pampu za nozeli

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila silinda ina pampu yake ya kusukuma dizeli kwenye nozeli, na kiasi cha dizeli cha pampu zote kinaongozwa na mkono mmoja (kifimbo cha chuma) unaopokea amri kutoka kwa gavana, kifaa kinachotunza mwendo wa injini. Dizeli ikikauka humo ndani inaacha utando kama gundi. Pampu moja tu ikinata, inazishikilia na nyingine zote. Kabla hujazungusha stata, usogeze mkono huo kwa kidole. Unatakiwa uteleze na kurudi wenyewe kwa springi. Ukihisi unasita katikati, kama bawaba ya mlango isiyo na mafuta, usiwashe.

Pampu zilizonata mahali pa kuzima zitakunyima kuwaka tu. Zilizonata mahali pa dizeli nyingi ni hatari: injini ikishika itapanda mizunguko na swichi haitaizima. Mpaka leo siwashi mashine ya aina hii kwa mara ya kwanza bila kipande cha ubao karibu yangu, cha kuziba njia ya hewa. Ubao, wakuu, si kiganja.

Dawa ni kulowesha kwa mafuta mepesi ya kulainisha, kuacha usiku kucha, kisha kusogeza taratibu kwenda na kurudi. Usigonge kwa nyundo. Ikigoma kabisa, pampu itolewe ikasafishwe mezani.

Baada ya hapo toa hewa. Legeza nati za bomba kwenye nozeli nusu mzunguko, zungusha stata hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Mikono iwe mbali: dizeli ya nozeli inapenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo kama tundu la sindano.

Hatua ya 4: Kuwasha

Kukiwa na baridi pasha hita plagi (plagi za kupasha joto silinda) kwanza, na usipulize etha kwenye injini yenye hita plagi. Stata isizidi sekunde 15 kwa mkupuo, halafu ipumzike angalau sekunde 15.

Ikishika, usikimbilie kuachia swichi. Ishikilie kwenye START hadi presha ya oili ipande, mwendo utulie na mita ya volti iinuke. Katika sekunde hizo betri inatuma umeme kidogo kwenye koili ili kuamsha usumaku. Ukiachia mapema, injini itazima, au itanguruma bila kutoa umeme na wewe utailaumu AVR.

Hatua ya 5: Umeme hautoki

Zima mashine. Tafuta swichi kubwa ya kuchagua volti (120, 120/240, au 120/208 ya fezi tatu). Izungushe kwenda na kurudi mara kumi, kisha iache unapotaka. Kopa zake hushika kutu kwa kukaa, na zoezi hili peke yake limefufua mashine nyingi mikononi mwangu. Kamwe usiiguse injini ikiwa inakwenda. Ikishindikana ndipo upime kama volti za kuamsha zinafika kwenye koili, halafu daiodi, na AVR iwe ya mwisho.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, yangu inawaka vizuri na mita ya kwenye paneli inaonyesha 240, ila kwenye tamino (nguzo za kufungia waya za mzigo) hakuna kitu.*

Mita ya paneli inasoma kabla ya kontakta, yaani swichi kubwa inayojifunga kwa umeme kupeleka umeme kwenye tamino. Kuna swichi ya kufunga kontakta hiyo, AC CIRCUIT INTERRUPTER. Isukume kwenye CLOSED ndipo umeme ufike kwenye tamino. Kwa 240 pima kati ya L1 na L3. L0 ni nyutro.

*Fundi, inazima yenyewe kila baada ya dakika kumi. Nikiwasha BATTLE SHORT haizimi. Naweza kuiacha hivyo?*

Hapana, ndugu yangu. Swichi hiyo inaziba masikio ya ulinzi karibu wote, presha ya oili na joto vikiwemo. Iliwekwa kwa ajili ya vita, pale ambapo kupoteza umeme ni kubaya kuliko kupoteza injini. Irudishe, iache izime, kisha tazama taa gani ya hitilafu imewaka. Kwa dakika kumi ningeanza na maji ya rejeta na mkanda wa feni.

*Nikishusha mizunguko hadi 1500 sitapata Hz 50?*

Hesabu yako ni sahihi, maana ina ncha nne za sumaku. Lakini feni itapoza kidogo, nguvu itapungua, na volti lazima zishushwe kwa uwiano huohuo, la sivyo chuma cha jenereta kitapata joto. Bora mashine ambayo kibati chake kinasema 50/60, kama MEP-804A ya kilowati 15.

*Bomba la moshi linatoa matone meusi kama oili. Ringi zimekwisha?*

Unaitumia kwa mzigo gani?

*Taa na friji moja tu, kwenye 803A.*

Basi usifungue injini bado. Mzigo mdogo hivyo hauipashi joto la kutosha, dizeli haiungui yote na masalia yake yanatokea kwenye bomba. Tafuta hita za umeme za jumla ya kilowati 7 hivi, ongeza moja moja, iache ifanye kazi saa kadhaa huku ukitazama joto. Moshi utakuwa mwingi mwanzoni, kwa hiyo iwe nje kabisa, mbali na madirisha. Matone yakiendelea baada ya hapo, pima kompresheni ya kila silinda, utuletee namba hapa.