Somo: Usingizi unapokatika wakati unaacha dawa za sonona

Katika kliniki ya afya ya akili ninakofanya kazi, lalamiko linaloongoza kwa watu wanaopunguza dawa za sonona ni usingizi. Mtu anapitiwa saa 4 usiku, anashtuka saa 8, halafu macho makavu mpaka adhana ya alfajiri. Zikipita siku chache hivyo anaanza kujiambia ugonjwa umerudi, au mwili umeshatekwa na dawa na hautaachana nayo tena. Mara nyingi si hili wala lile. Usingizi unaokatika kipindi hiki kwa kawaida unakuambia kwamba unashuka kwa kasi ambayo ubongo haujaweza kuifuata. Ndiyo maana somo hili linaanza na dawa, kitanda kinafuata baadaye.

Somo ni la mtu ambaye ameshakubaliana na daktari wake kwamba muda wa kuacha umefika. Kwa kawaida dawa huendelea angalau miezi 6 baada ya mtu kupata nafuu, na kwa aliyewahi kuugua zaidi ya mara moja huenda zaidi ya hapo. Kama hamjazungumza, kazungumzeni kwanza.

Hatua ya 1: Ijue dawa yako kwa jina

Watu wengi wanakuja na bahasha ya karatasi iliyoandikwa "1×1 usiku" tu, jina la dawa halipo. Omba waliandike, pamoja na miligramu. Bila hilo hakuna anayeweza kukusaidia kupanga.

Amitriptilini, ambayo ipo karibu kila hospitali ya wilaya, inaleta usingizi yenyewe. Ukiipunguza unapoteza dawa ya sonona na kilichokuwa kinakulaza kwa wakati mmoja, kwa hiyo usiku wa kwanza au wa pili tu unaweza kuona tofauti. Paroksetini na venlafaksini hutoka mwilini haraka, na ukichelewa dozi moja unaweza kuihisi siku hiyohiyo au kesho yake. Fluoksetini ni kinyume: inakaa mwilini wiki kadhaa. Mtu anaacha, anaona mambo shwari, anasahau, kisha usingizi unakatika wiki kadhaa baadaye na hakumbuki tena kuuhusisha na dawa.

Hatua ya 2: Shuka kwa ngazi zinazozidi kuwa ndogo

Hapa ndipo penye uzito wote wa somo, kwa hiyo soma taratibu.

Mwaka 2019, watafiti Mark Horowitz na David Taylor waliandika katika jarida la Lancet Psychiatry kwamba nguvu ya dawa hizi kwenye ubongo haipungui sambamba na miligramu. Chukua sitalopramu. Miligramu 20 hushika takriban asilimia 80 ya vibebeo vya serotonini (kemikali ya ubongo inayohusika na hisia), yaani sehemu ambazo dawa inafanyia kazi. Ukishuka hadi miligramu 5, bado zaidi ya nusu zimeshikwa. Kwa hiyo ile safari ya kutoka 20 hadi 5, inayoonekana ndefu kwenye karatasi, ubongo unaiona fupi. Kutoka 5 hadi sifuri ndiko kuliko mbali. Ni kama ngazi ya nyumba ambayo kipandio cha chini kabisa ndicho kirefu kuliko vyote, na wengi wanakishuka gizani.

Mpango wa "nusu kidonge wiki mbili, halafu basi" unawafaa baadhi ya watu. Kwa aliyetumia dawa miaka, mara nyingi ni mkali mno. Zungumza na daktari kuhusu kupunguza robo ya dozi uliyonayo sasa, au hata sehemu moja ya kumi kama mwili wako unaona kila badiliko, kisha kukaa hapo wiki 2 hadi 4 kabla ya kushuka tena. Zingatia: robo ya dozi ya *sasa*, si ya ile uliyoanza nayo. Usingizi ukivurugika sana, usishuke. Baki ulipo mpaka utulie. Ukizidi kuwa mbaya, mwulize daktari kuhusu kurudi kipandio kimoja juu.

Usijipangie "leo nakunywa, kesho naruka". Kwa dawa zinazotoka haraka, mtindo huo unaufanya mwili uingie na kutoka kwenye upungufu kila siku ya pili, na usingizi ndio wa kwanza kuumia.

Kidonge cha kawaida kikatwe kwa wembe mpya au kikatio cha duka la dawa, juu ya sahani kavu. Vipande vikae kwenye kichupa chenye kifuniko, juu kabisa, mbali na watoto. Kwa amitriptilini nasisitiza kwa nguvu zote: vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Kapsuli na vidonge vinavyotoa dawa polepole visisagwe wala kuvunjwa. Mwulize mfamasia kama dawa yako inapatikana ya maji, maana hiyo ndiyo rahisi kuipima kidogo kidogo.

Hatua ya 3: Andika

Daftari la shule linatosha. Kila asubuhi andika dozi ya jana, saa uliyolala, saa uliyoamka, na mwili unavyojisikia. Hiyo safu ya mwili ndiyo itakayokusaidia kutofautisha. Dalili za kuacha dawa huja siku au wiki chache baada ya kushuka, na huja na mambo ambayo sonona yako haikuwa nayo: kizunguzungu, kichefuchefu, mishtuko mifupi kichwani kama umeme hasa ukigeuza macho, jasho, ndoto kali mno. Sonona inayorudi huingia polepole zaidi. Inakuja na huzuni ile unayoifahamu, kutotamani chochote, kujiona huna thamani.

Kuhusu ndoto: dawa nyingi za sonona hubana ile sehemu ya usingizi yenye ndoto. Ukizipunguza, ndoto hurudi kwa fujo, wengine wanaota waliokufa usiku mzima. Inatisha, lakini huwa inapungua.

Hatua ya 4: Sasa kitanda

Chagua saa ya kuamka na uishike kila siku, Jumapili pia. Saa ya kulala haiwezi kulazimishwa, ya kuamka inaweza. Ukiamka toka nje upate mwanga, hata ni kufagia uwanja tu.

Ukikaa macho kitandani kwa muda unaohisi kama dakika 20, inuka. Toka kwenye neti, kaa kwenye kiti, mwanga hafifu, soma au shona au vuta tasbihi, rudi usingizi ukibisha. Simu na saa ya ukutani visikae unapoviona. Kuhesabu "yamebaki masaa matatu" kunaamsha kuliko kahawa.

Kama daftari linaonyesha unalala masaa 6 lakini unakaa kitandani 9, punguza muda wa kitandani: ingia saa 5 na nusu usiku, toka saa 12 asubuhi. Usingizi ukishikamana kwa wiki moja, ongeza dakika 15. Njia hii ina nguvu, na siku za mwanzo inachosha sana. Isifanywe na mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar, hisia hupanda kupita kiasi kisha zikashuka kwenye sonona), wala anayeendesha bodaboda au lori.

Kahawa, chai ya rangi nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe mchana, kwa sababu nusu ya kafeini bado iko mwilini masaa kama matano baadaye. Mirungi vivyo hivyo, na zaidi. Pombe inakulaza saa 3 na kukuamsha saa 8.

Hatua ya 5: Usibadilishe dawa moja kwa nyingine kimyakimya

Piriton, dawa ya mzio, inalaza siku chache, kisha mwili unaizoea, na asubuhi kichwa kinakuwa kizito. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, ni hatari zaidi: ukiitumia kila siku wiki kadhaa, kuiacha kutakuwa kazi kubwa kuliko hii uliyonayo.

Nenda hospitali leo, usisubiri miadi, kama unawaza kujiua au kujidhuru, unasikia sauti, au unalala masaa mawili matatu usiku kadhaa mfululizo na bado huchoki, unaongea haraka, unatumia fedha ovyo. Hilo la mwisho linaweza kuwa hisia mseto. Nenda na ndugu.

MASWALI

Swali (Temeke): Shikamoo dokta. Mdogo wangu anasema hii ninayopata ni arosto kama ya watu wa unga. Ni kweli nimekuwa teja?

Marahaba, ila mimi ni muuguzi. Hapana. Mwili wako umezoea dawa, na ukiondolewa unalalamika. Teja hutamani kitu, huongeza dozi, huuza redio ya nyumbani akipate. Wewe unataka kuacha na umekuja kuuliza namna. Mwambie mdogo wako asitumie tena neno hilo kwako.

Swali (Kisumu): Dawa iliisha dukani nikaacha ghafla, sasa ni wiki tatu sijalala vizuri. Nivumilie tu?

Usivumilie peke yako. Rudi kwa daktari wiki hii na umweleze tarehe uliyoacha. Mara nyingi ataamua urudi kwenye dozi uliyokuwa nayo au ndogo kidogo, utulie, kisha ushuke polepole. Usijirudishie mwenyewe dozi nzima kama ulikuwa kwenye kiwango kikubwa. Na siku zijazo chukua dawa za mwezi unaofuata kabla hizi hazijaisha.

Swali (Pemba): Dada yangu tangu apunguze dawa anakabwa usiku. Anaona mtu mlangoni, hawezi kusogea wala kupiga kelele. Nyumbani wanasema jini, wamemzuia asirudi hospitali.

Pole sana kwake, jinamizi la namna hiyo linatisha mno. Linatokea akili inapoamka kabla mwili haujafunguka kutoka kwenye usingizi wa ndoto, na nimeeleza juu kwamba usingizi huo ndio unaorudi kwa nguvu dawa ikipungua. Huisha lenyewe baada ya sekunde au dakika chache. Alale ubavu, maana humkuta zaidi aliyelala chali, na asijinyime usingizi. Kisomo kiendelee, sina neno nacho, lakini kisizuie hospitali. Waambie wazee mambo yote mawili yanaweza kwenda pamoja.

Swali (Arusha): Mimi ni mlinzi, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Nitashikaje saa moja ya kuamka?

Hutaweza, na usijilaumu. Usishushe dozi wiki ya kubadili zamu. Amitriptilini inywe kabla ya usingizi wako mkuu, hata kama ni asubuhi, kamwe usiinywe ukielekea lindoni. Ukitoka kazini vaa kofia au miwani ya jua, ziba dirisha kwa blanketi, na wa nyumbani wajue kwamba masaa hayo ni usiku wako.

Swali (Mombasa): Ramadhani inakaribia. Nakunywa amitriptilini baada ya futari, lakini tarawehe na daku zinanikatia usingizi. Nipunguze sasa hivi ama ningoje?

Ngoja. Mwezi ambao saa za kulala zinavurugika si mwezi wa kushusha dozi. Baki ulipo. Inywe baada ya tarawehe, siyo baada ya futari, usije ukasinzia msikitini. Hiyo dawa inakausha kinywa, kwa hiyo kunywa maji mengi kati ya futari na daku, na mweleze daktari kwamba unafunga. Lala tena kidogo baada ya alfajiri kama kazi inaruhusu. Idi ikipita, na daftari likionyesha usingizi umekaa sawa kama wiki mbili, ndipo ushuke kipandio kinachofuata.