SOMO: Mgonjwa wa kansa ya mapafu katoka kupigwa mionzi, amechoka mpaka kunyanyuka kazi. Nyumbani tunafanyaje?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi habari zenu. Leo naongelea ule uchovu unaokuja baada ya mionzi, hasa kwa mgonjwa ambaye kansa ya mapafu imeshasambaa. Wengi wetu tunampokea mgonjwa kutoka Ocean Road, ile hospitali ya kansa kule Dar, tunamshukuru Mungu karudi, halafu wiki ya kwanza tu nyumbani anashinda amelala na watu wanaanza kunong'ona kwamba mionzi ndo imemmaliza. Mimi nimemuuguza baba yangu mzazi na hali hii naijua vizuri, na mengi ninayoandika hapa tulielekezwa na manesi na madaktari waliokuwa wanamwona.

Kwanza tuelewane. Huu uchovu sio uvivu, sio deko, na peke yake sio dalili kwamba ugonjwa umezidi. Mionzi inaua seli za kansa lakini na zile nzima za jirani zinaumia, sasa mwili unahangaika kujitengeneza, huku kansa nayo inakula nguvu, chakula hakipiti, usiku kikohozi hakimwachi alale, yani vyote vinamwangukia mtu mmoja. Mara nyingi unapanda mwishoni mwa dozi na wiki moja mbili baada ya kumaliza, ndo uanze kushuka taratibu kwa wiki kadhaa, na wengine unawaganda kwa miezi. Tofauti yake na kuchoka kwetu sisi ni kwamba huu hauishi kwa kulala. Analala usiku kucha na anaamka kachoka vilevile. Halafu kuna familia zinashangaa "mbona kapigwa mara tano tu?" Ugonjwa ukishasambaa wengi wanapewa dozi fupi, mara 5 au 10, wengine hata mara moja au mbili, lengo ni kupunguza maumivu, kukohoa damu na kubanwa kifua. Dozi fupi nayo inachosha, na hapo hujaweka safari ndefu ya basi kutoka Dar.

HATUA YA 1: Tafuteni kwanza kinachotibika

Msikae nyumbani mkasema ni mionzi tu itaisha. Mpelekeni hospitali mliyo karibu nayo, iwe Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao au ile ya Kanda ya Kusini, na mbebe karatasi zake zote za Dar. Ombeni aangaliwe wingi wa damu, maana damu ikipungua mtu anaisha nguvu na hilo lina tiba. Apimwe malaria kwa kipimo, msimpe dawa kwa kukisia kwa sababu huku kwetu kila mwili kuchoka tunaita malaria. Aangaliwe sukari (dawa za kutuliza uvimbe kama deksamethasoni na prednisoloni zinaipandisha), maambukizi, na kama analala sana, ana kiu kali, choo kigumu na anachanganya maneno basi waulizeni kama kalsiamu imezidi kwenye damu. Na maumivu jamani. Mtu anayeumwa kimyakimya anachoka mara mbili. Kama kaandikiwa mofini ya maji apewe kwa saa zake, siku za mwanzo itamsinzisha kidogo na wengi huwa wanazoea, na ulizeni dawa ya kulainisha choo palepale mnapopewa mofini.

HATUA YA 2: Daftari

Daftari la shule tu linatosha. Kwa wiki nzima andikeni asubuhi, mchana na jioni, nguvu zake ni ngapi kuanzia 0 mpaka 10 (aseme mwenyewe, msimsemee), na alikuwa ametoka kufanya nini. Mtaanza kuona saa zake nzuri ziko wapi. Baba yangu zilikuwa kuanzia saa tatu akishakunywa uji mpaka kwenye saa tano hivi, nje ya hapo alikuwa hoi. Na hilo daftari ndo daktari analipenda, kuliko kumwambia "anachokaga sana".

HATUA YA 3: Nguvu zigawanywe

Watu wa Newala mnajua maisha ya ndoo moja ya maji, ukioga nayo yote asubuhi jioni hupiki. Nguvu za mgonjwa ndo ziko hivyo. Kila siku muulizeni leo unataka kufanya nini wewe mwenyewe, halafu hicho kitengewe saa nzuri, mengine yote fanyeni nyie.

Kuoga ndo kulikuwa kunatumalizia mzee. Tulikuwa tunamwogesha alfajiri kwa mazoea, akitoka hapo hata kikombe hashiki. Tukahamishia saa nne, tukaweka kigoda bafuni na kingine njiani ukutani apumzikie, maji vuguvugu tayari kwenye beseni juu ya stuli ili asiiname, maana kuinama ndo kunambana pumzi. Akimaliza tunamzungushia khanga kubwa kavu, anakaa, maji yanakauka yenyewe taratibu, hakuna kujifuta kwa nguvu. Tena pale alipopigwa mionzi hapasuguliwi wala hapapakwi dawa ya kuchua au majani, ngozi ya pale inakuwa laini sana. Nguo za kuvaa ziwe za kufungua mbele. Ndoo ya haja iwe karibu na kitanda usiku, asiulize mtu.

Kuswali akae, au alale kama kukaa kunamshinda, dini imeruhusu. Msimwache ajilazimishe kusimama kwa kuona aibu mbele ya wageni.

HATUA YA 4: Atembee kidogo

Hapa ndo ugomvi unaanza nyumbani, bibi anasema mwacheni alale. Lakini kitu kinachosaidia huu uchovu kuliko vingi ni mwili kusogea kidogo kila siku. Akilala siku nzima misuli inaisha, kesho anachoka zaidi, keshokutwa hanyanyuki kabisa, na miguu inaweza kuganda damu. Anzeni kutoka kitandani mpaka barazani, apumzike, arudi. Kesho mpaka kwenye mwembe. Dakika tano zinatosha kuanzia, asubuhi kabla jua halijawa kali au jioni upepo ukishaanza. Awe anaweza kuongea huku anatembea, akishindwa kuongea asimame, aegemee mbele mikono kwenye kiti, avute hewa kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anapuliza uji wa moto. Feni au hata kumpepea usoni kwa mkono kunasaidia pumzi. Ila kama kansa imefika kwenye mifupa, muulizeni daktari kwanza.

HATUA YA 5: Usingizi na chakula

Mchana alale nusu saa, kisha aamshwe, na isiwe baada ya alasiri maana usiku atakodoa macho. Zile deksamethasoni au prednisoloni anywe asubuhi na chakula, akinywa jioni hasinzii. Na msizikatishe ghafla bila daktari hata mkiona amepata nafuu.

Chakula kiwe kidogo mara nyingi, sahani iliyojaa inamchosha kwa kuiangalia tu. Akipigwa mionzi kifuani, koo la chakula nalo linavimba, kumeza kunauma kwa muda, kwa hiyo ming'oko, muhogo wa kuchoma na pilipili tuviache kwanza. Uji wa mtama au ulezi tia korosho zilizosagwa laini, huku kwetu zipo, kijiko kimoja viwili ndani ya uji kinaongeza nguvu bila kuongeza wingi. Mbaazi za nazi zilizopondwa, samaki wa mchuzi aliyechambuliwa miba, yai, ndizi mbivu, parachichi. Viwe vuguvugu. Maji anywe kidogokidogo siku nzima. Kama anavuta sigara huu ndo wakati wa kumsaidia aache, na jiko la kuni lihame mbali na dirisha lake.

HATUA YA 6: Wageni

Nalisema kwa upole maana najua sisi watu wa Kusini kumjulia mtu hali ni wajibu. Lakini mgonjwa aliyebakiwa na nguvu kidogo akianza kusimuliwa na kusimulia ugonjwa kwa watu kumi, kila mmoja "ilianzaje anzaje", jioni hana hata sauti ya kuongea na mke wake. Mtafuteni mtu mmoja wa familia mwenye heshima zake, shangazi au mjomba, akae barazani apokee wageni, awasimulie yeye, awaonjeshe chai, na ndani waingie wawiliwawili dakika chache saa za alasiri. Watu hawakasiriki ukiwaeleza kwamba ni maelekezo ya hospitali. Na anayetaka kusaidia mpeni kazi kabisa, aje na maji, asage unga, afue mashuka.

MSISUBIRI KWENYE HAYA: homa ya 38 au zaidi, pumzi kubana kuliko jana, kukohoa damu, uso na shingo kuvimba, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuchanganyikiwa, na miguu kuisha nguvu ghafla au kufa ganzi au mkojo kugoma kutoka au kutoka wenyewe. Hiyo ya miguu ni ya kukimbiza siku hiyohiyo, uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na mkichelewa anaweza asitembee tena.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mwanachama, Newala: Ahsante sana kwa somo. Bimkubwa kamaliza mionzi juzijuzi, sasa majirani wanasema wajukuu wasilale naye wala kula naye sahani moja atawaambukiza mionzi, na yeye amesikia, analia. Ni kweli?

Jibu: Sio kweli dada yangu. Mionzi ya mashine inapita, mashine ikizimwa hakuna kinachobaki mwilini mwake. Awapakate wajukuu, ale nao. Cha kuangalia ni kinyume chake, mtoto mwenye mafua au kikohozi ndo asimsogelee bibi mpaka apone.

Mwanachama, Tandahimba: Mzee wangu ana nafuu kidogo, ila msimu wa salfa (ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho) umefika na anataka akasimamie mikorosho yake anasema akikaa nyumbani ndo anakufa. Tumkatalie?

Jibu: Salfa hapana kabisa kaka. Lile vumbi linawasha hata mapafu mazima, sembuse yake. Na wakipulizia mashamba ya karibu na nyumba mfungie madirisha au mmuhamishe siku hiyo kwa ndugu. Lakini usimnyang'anye shamba lake. Siku ambayo hawapulizii mpakize bajaji, mpelekee kiti, akae kivulini aelekeze vijana hata nusu saa. Mtu akifanya kitu anachokipenda hata ule uchovu anaubeba vizuri.

Mwanachama, Masasi: Kuna mtu kaniletea dawa ya miti ya kuongeza damu na nguvu, amesema imesaidia wengi. Nimpe mama?

Jibu: Mimi ningesubiri. Sisemi kwa kudharau dawa zetu, ila ini na figo zake saivi zinabeba dawa nyingi na hatujui hiyo chupa ina nini ndani wala itagongana na ipi. Ibebe hiyo chupa uende nayo kliniki uwaoneshe. Kama damu imepungua ipimwe, kuna wanaohitaji kuongezewa damu na hapo hakuna mzizi unaochukua nafasi yake.

Mwanachama, Kilwa: Ramadhani ikiingia baba hataki kusikia habari ya kutofunga. Anasema mionzi imeisha kwa hiyo yeye mzima.

Jibu: Mwite shehe wa mtaani aongee naye, sisi watoto hawatusikilizi kwenye hili. Mgonjwa ana ruhusa, na ambaye hatarajii kupona ana fidia ya kulisha masikini, shehe atawaelekeza. Mwambie pia daktari, kwa sababu kukosa maji mchana kutwa kwenye joto la Kilwa na kuruka saa za dawa kutamrudisha kitandani.

Mwanachama, Lindi mjini: Samahani nauliza hadharani. Mume wangu hata akiwa na nguvu anageukia ukutani tu, haongei, hali. Nami nimechoka jamani. Hivi huu uchovu utaisha au ndo mwisho wenyewe?

Jibu: Pole sana mama, hilo swali tunalo wengi. Mambo mawili. Kugeukia ukutani kunaweza kuwa ni sonona, yani ugonjwa wa huzuni nzito, na hiyo ina tiba hata kwa mtu mwenye kansa, mwambie daktari hivyohivyo ulivyoniandikia. Mulize na yeye mwenyewe kwa utulivu anaogopa nini, usimwambie tu jikaze. La pili, kama wiki zinapita, uchovu unapanda badala ya kushuka, kilo zinapungua na zaidi ya nusu ya siku yuko kitandani, inaweza ikawa sio mionzi tena, ni ugonjwa wenyewe. Muulize daktari waziwazi mko wawili, una haki ya kujua, na uliza kuhusu huduma ya tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Hapo hatumlazimishi kutembea wala kula, tunamsaidia asiumie na afanye yale anayoyataka. Na wewe tafuta mtu wa kukupokea angalau usiku mbili kwa wiki, ndugu zake wapo, waambie kwa jina, fulani Jumanne fulani Ijumaa.

Mwanachama, Nachingwea: Yetu ni tofauti. Kamaliza mionzi kama miezi miwili iliyopita, akapata nguvu mpaka anaenda sokoni, sasa wiki hii kachoka ghafla, kikohozi kikavu, kipimo cha joto kinasoma 37 na nusu. Famasi wamempa dawa ya kikohozi.

Jibu: Mpeleke leo, usisubiri dawa ya famasi iishe. Mapafu yaliyopigwa mionzi yanaweza kuvimba baadaye, mara nyingi mwezi mmoja mpaka mitatu baada ya kumaliza, hata miezi sita, na yanaanza hivyohivyo, kikohozi kikavu, homa ndogo, pumzi fupi. Kwenye picha inaweza kufanana na nimonia au TB, ndo maana cha kwanza kumwambia daktari ni tarehe aliyomaliza mionzi na upande gani wa kifua alipigwa. Ikiwa ni hiyo ina dawa yake ya kutuliza uvimbe. Kama mna prednisoloni zilizobaki kabatini msimpe wenyewe, nendeni nazo mkononi pamoja na karatasi za Dar.