Teke la mbele linaanzia kwenye goti

Vijana wakija kwangu kujifunza karate, siku ya kwanza wote wanataka teke la kichwani. Nawaambia watulie. Tunaanza na mae geri, teke la mbele, tena la tumboni. Hata kwenye kata, yaani mifululizo ya mapigo iliyopangwa, za Goju-ryu, mtindo wa Okinawa aliouasisi Chojun Miyagi, mateke mengi ni haya haya ya mbele, ya chini chini.

Ukumbi si lazima. Nenda Coco Beach alfajiri maji yakiwa yamekupwa, usimame kwenye ule mchanga mbichi ulioshikana, siyo ule mkavu wa juu unaotitia. Kimbia kidogo mwili upate joto, kisha vua viatu.

Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, magoti yalegee kidogo, ngumi usawa wa kidevu. Kabla hujapiga chochote, chuchumia. Ile nyama nene chini ya vidole inayokubeba ndiyo itakayogonga. Vidole vyenyewe virudishe juu, la sivyo siku ukipiga kitu kigumu utavitegua.

Sasa goti. Lipandishe mbele ya tumbo, kisigino kikiwa karibu na kalio, ubaki hapo huku unahesabu hadi tano. Ukiyumba, usiendelee, rudia hilo tu mpaka utulie. Ukishatulia, fyatua unyayo mbele huku nyonga ikisukuma na pumzi ikitoka, halafu urudishe kule kule kalioni ndipo ukanyage chini. Kurudi kuwe na kasi ya kwenda, maana mguu unaochelewa hewani unadakwa. Na ukiwa unapiga hewa, usilikaze goti mpaka mwisho kwa nguvu zote. Utalikumbuka ukipanda daraja la Manzese.

Mchanga una faida yake: hausemi uongo. Piga mateke kadhaa, kisha angalia alama ya mguu uliosimamia. Kisigino kikionekana vizuri, hujambo. Ukikuta kishimo cha vidole peke yake, ulinyanyuka, na teke la namna hiyo ukimpiga mtu mzito, anayekwenda chini ni wewe.

Nyumbani chukua stuli ya plastiki, zile za kwa mama ntilie, uiweke mbele yako. Unyayo upite juu yake ukienda, na upite juu yake ukirudi. Ikianguka wakati wa kwenda, goti halikupanda. Ikianguka wakati wa kurudi, umelitupa teke ukaliacha lianguke lenyewe, na hili ndilo kosa ninalolirekebisha kuliko yote.

Mara kumi kila mguu, polepole, zinatosha kwa kuanzia. Anza na mguu ulio dhaifu kabla hujachoka. Kitovuni panatosha kwa mwezi wa kwanza. Wanaokucheka kwamba unapiga chini, wape stuli.