Kusanifu uwanja wa mashindano makubwa Mwanza: anza na viti, paa baadaye

Tangu Kenya, Tanzania na Uganda zipewe uenyeji wa AFCON 2027, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika, vijana wengi wa usanifu wananionyesha michoro ya viwanja kwenye simu zao. Paa zinapendeza. Ila ukiuliza nani ataujaza uwanja huo mashindano yakiisha, kimya.

Hatua ya 1: Hesabu watu wa mechi ya kawaida

Nenda uwanja wa Kirumba, hapo Mwanza, katikati ya wiki, siku ambayo si Simba wala Yanga anayecheza, uhesabu vichwa. Idadi hiyo, pamoja na nafasi kidogo ya kukua, ndiyo viti vyako vya kudumu. Vingine vyote mpaka kufikia idadi wanayodai waandaaji viwe vya chuma, vya kufunga kwa bolti, na zabuni iseme wazi nani atavifungua na vitapelekwa wilaya gani. Saruji peke yake inachangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, kwa hiyo jukwaa la zege usilolijenga ni faida ya kwanza, kabla hujafunga sola hata moja.

London walijaribu njia hii kwa Olimpiki ya 2012: viti 80,000, vya kudumu kama 25,000 tu. Kasoro yao ni kwamba mrithi wa uwanja hakuamuliwa mapema. Kuugeuza uwe wa soka kulikuja kula zaidi ya pauni milioni 300. Kwa hiyo tafuta mpangaji kabla ya kuchora: klabu, halmashauri, chuo. Kama hayupo, karabati uwanja uliopo uachane na mpya.

Hatua ya 2: Chagua mteremko

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mimi ningesogea mbali zaidi, maana mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka kiwango cha rekodi ya 1964. Panda mlimani. Jukwaa moja lilaze kwenye mteremko, utaokoa nguzo na zege nyingi. Majabali makubwa yazungukie, usiyalipue. Tathmini ya athari kwa mazingira ianze hapa, michoro ikiwa bado ya penseli.

Hatua ya 3: Elekeza uwanja

Magoli yawe kaskazini na kusini. Jukwaa kuu liwe magharibi, jua la jioni liwapige mashabiki mgongoni. Chini ya paa acha uwazi, upepo wa ziwani upite.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya maji

Utaambiwa, "Ziwa lile pale, tusukume tu." Kusukuma maji mlimani ni umeme kila siku, na kuyasafisha ni gharama nyingine. Hesabu hivi: uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Siku ya jua kali nyasi zikihitaji milimita 5 za maji, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba, hizo ni lita 35,700. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, tuseme siku 90, kitataka kama lita milioni 3.2.

Sasa paa. Mwanza hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 12,000, ukitoa asilimia 20 inayopotea, linakupa lita milioni 9.6. Maji yapo, kazi ni kuyatunza kutoka masika. Unahitaji tangi la mita 40 kwa 40, kina mita 2, lililofunikwa vizuri. Likiwa wazi umefuga mbu.

Maji yanayotoka uwanjani yana mbolea. Yakishuka moja kwa moja ziwani yanalisha magugu maji, hivyo yapitishe kwanza kwenye bwawa la matete.

Hatua ya 5: Taa na wadudu

Wageni hawalijui hili. Wadudu wadogo wa ziwani hutoka kwa makundi kama moshi, hasa mwezi unapoandama, na hufuata mwanga. Taa za uwanjani zitabaki nyeupe kwa ajili ya televisheni, lakini za nje na za vibanda vya chakula ziwe za njano, zielekezwe chini. Pangilia ratiba ya mechi za usiku ukiwa na kalenda ya mwezi mkononi.

Hatua ya 6: Watu wafikeje

Maegesho madogo, stendi kubwa ya daladala. Bodaboda wape eneo lao rasmi mbali na lango, la sivyo watajipa lango lenyewe.