Kabla ya Kumpa Mbwa Majani Mabichi ya Viungo

Mbwa mwenye afya anayekula chakula kilichokamilika hahitaji giligilani, mrehani wala nanaa. Naanza na hilo kwa sababu linaondoa pupa. Hakuna kitakachoharibika ukisubiri wiki nzima ujiandae vizuri kwanza. Majani ya viungo kwake ni kionjo: yanaongeza harufu kwenye bakuli na kumpa kitu kipya cha kunusa. Mbwa anaishi kwa pua yake, kwa hiyo hiyo si starehe ndogo. Lakini ni kionjo, na mwenye kuyachukulia hivyo atayatoa kwa kiasi na hatasita kuyaacha yakimkataa.

Jiulize kwanza unampa kwa sababu gani. Kama unataka tu abadilishe ladha, vizuri, endelea kusoma. Kama ni kwa sababu kinywa chake kinanuka, au anatapika kila mara, au amepoteza hamu ya kula, rudisha kisu mahali pake umpeleke kwa daktari wa mifugo. Harufu mbaya ya kinywa mara nyingi hutoka kwenye fizi na meno yenye ugonjwa. Pasili (parsley), jani la kiungo ambalo wengi hulikimbilia, itaifunika kwa saa chache huku ugonjwa ukiendelea kula mfupa wa taya. Nawahurumia sana mbwa wanaotibiwa majani kwa miezi wakati jino linaoza, kwa sababu wao hawasemi.

Halafu mfahamu mbwa wako kwa takwimu, si kwa mapenzi peke yake. Mpime uzito. Wewe mwenyewe panda kwenye mizani, kisha panda tena ukiwa umembeba, utoe tofauti. Kama ni mkubwa wa kutobebeka, mpime kwa daktari. Uzito huo utauhitaji kwa kila uamuzi unaofuata, na siku ya dharura ndilo jambo la kwanza utakaloulizwa. Kumbuka pia umri wake na maradhi aliyowahi kuugua. Mbwa aliyewahi kupata mawe ya kibofu au mwenye figo dhaifu asipewe pasili bila ruhusa ya daktari, kwa kuwa ina oksaleti, kiambata kinachochangia baadhi ya mawe hayo. Mwenye kifafa, mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto ambaye bado tumbo lake halijatulia, na yeyote anayetumia dawa kila siku au anayesubiri upasuaji: hao wote, uliza kwanza. Kuuliza kunachukua dakika moja.

Sasa majani yenyewe. Salama zaidi kuanza nayo ni giligilani, ambayo wengi huiita dania, na mrehani. Rozmari, thaimu, seji na shibiti pia zimo katika kundi la yasiyo na sumu kwa mbwa, ingawa rozmari na thaimu zina harufu kali na mbwa wengi huzigeuzia pua. Haya ndiyo ningeyachagua mimi, na kama mtu anataka jibu fupi kabisa, achukue giligilani aishie hapo.

Nanaa na pasili zinahitaji maelezo, maana hapa ndipo watu hugombana. ASPCA, shirika la Marekani la kulinda wanyama lenye kituo cha kushughulikia sumu, limeziweka zote mbili katika orodha ya mimea yenye sumu kwa mbwa. Wakati huohuo utaona mbwa wengi wakipewa bila kudhurika. Ufunguo ni kiasi. Nanaa nyingi huleta kutapika na kuharisha, na pasili nyingi sana inaweza kuifanya ngozi iungue kirahisi juani. Jani moja au mawili yaliyokatwakatwa ni habari tofauti na mbwa aliyefyeka bustani nzima. Ila katika jamii ya nanaa kuna mmoja, uitwao penirojali, wenye mafuta yanayoharibu ini. Huo usipandwe kabisa mahali mbwa anapofika, na kama hujui nanaa yako ni ya aina gani, usimpe.

Oregano, tarragoni na mchaichai zimo pia katika orodha hiyo; huchafua tumbo. Wako wanaozitoa kidogo na hawaoni tatizo. Mimi sioni maana ya kuhangaika nazo wakati giligilani ipo. Majani ya mlaureli, yale magumu yanayotiwa kwenye sufuria ya mchuzi na kutolewa kabla ya kula, yana ubaya wa aina mbili: mafuta yake husumbua tumbo, na jani lenyewe halilainiki, hivyo likimezwa zima linaweza kukwama kwenye utumbo.

Familia ya kitunguu ni mwiko, na hapa silegezi hata kidogo. Kitunguu maji, kitunguu saumu, liki, majani ya kitunguu na vile vijani vyembamba vyenye tundu ndani vinavyonyunyizwa juu ya viazi au mayai, vyote vina viambata vya salfa ambavyo vikishaingia mwilini hushambulia chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chembe hizo hupasuka upesi kuliko mwili unavyoweza kutengeneza nyingine. Dalili hutarajiwa kwa mbwa aliyekula kwa mkupuo mmoja kitunguu kinachozidi takriban asilimia 0.5 ya uzito wake. Kwa mbwa wa kilo 10 hiyo ni gramu 50, kama nusu ya kitunguu cha wastani. Kitunguu saumu kina nguvu kuliko hicho, gramu kwa gramu. Kupika hakuondoi sumu hiyo, kukausha hakuiondoi, na unga wake ni hatari zaidi kwa kuwa maji yametoka na sumu imebaki. Mbwa wa aina ya Akita na Shiba Inu hudhurika kwa urahisi kuliko wengine.

Kinachowapoteza watu ni kwamba madhara hayaonekani palepale. Mbwa anakula leo, kesho anakimbia na kubweka kama kawaida, mwenyewe anahitimisha kuwa kitunguu hakina neno. Siku tatu au nne baadaye analala tu, ufizi umekuwa mweupe, anahema haraka, mkojo una rangi ya chai ya rangi. Na kiasi kidogo kinachorudiwa kila siku nacho hujumlishana. Kwa hiyo ule ushauri wa kumpa mbwa punje za kitunguu saumu ili kufukuza viroboto na kupe, naomba uachwe. Kuna dawa za viroboto zilizopimwa usalama wake, na daktari atakuchagulia inayolingana na uzito uliopima.

Hapo ndipo penye hatari kubwa ya majani ya viungo, nami ningependa kila mfugaji aishike: mara nyingi jani halina kosa, kosa ni vilivyofuatana nalo. Giligilani iliyokwisha kuchanganywa kwenye kachumbari imeshaguswa na kitunguu, pilipili na chumvi. Mrehani uliosagwa na kitunguu saumu na mafuta si mrehani tena kwa tumbo la mbwa. Nyama iliyolazwa na viungo usiku kucha imenyonya kila kitu, hata ukiikwangua. Basi fungu la mbwa lijitenge kabla mapishi hayajaanza: jani bichi, peke yake, ubao safi, kisu ambacho hakijapita kwenye kitunguu. Waambie na wenzako nyumbani, hasa watoto na wageni, kwamba mabaki ya sahani hayaendi kwenye bakuli lake hata kama yanaonekana ni majani tu.

Vivyo hivyo usichanganye jani na mafuta manukato yaliyokamuliwa kutoka kwenye jani hilo. Mafuta ya nanaa, ya rozmari au ya oregano yamekusanya nguvu ya majani mengi mno katika tone moja. Hayafai kutiwa kwenye chakula cha mbwa wala kupakwa kwenye manyoya anayoyaramba.

Ukinunua majani, hujui yamepuliziwa nini, kwa hiyo yasafishe kwa maji yanayotiririka, ukiyatenganisha jani kwa jani. Ukipanda mwenyewe, angalia zaidi ya jani. Mbolea ya unga wa mifupa au damu iliyokaushwa inamnukia mbwa kama chakula naye anaweza kuchimbua chungu chote. Mbolea inayotokana na mashudu ya mbarika inaweza kubaki na risini, sumu kali mno. Isikaribie nyumba yenye mbwa. Chambo cha konokono chenye metaldehaidi kinasababisha mtetemeko na degedege, tena mbwa hukila kwa hiari. Tazama pia majirani wa chungu hicho: shubiri husogezwa mara nyingi karibu na viungo kwa kuwa hutumika kwa majeraha ya moto, lakini mbwa akiitafuna humletea kutapika na kuharisha. Na usichume kitu porini kwa kufananisha. Kuna mimea yenye sumu ya kuua inayofanana na pasili kiasi cha kumhadaa hata mchumaji mzoefu.

Kuandaa ni kazi ndogo. Ondoa vikonyo vigumu, hasa vya rozmari na thaimu, vilivyo kama vijiti. Katakata laini sana, kwa sababu mbwa hatafuni majani kama sisi. Jani zima huingia na kutoka lilivyo. Kiasi cha kuanzia kwa mbwa mdogo ni kile unachokibana kwa ncha za vidole viwili. Kwa mkubwa, kijiko cha chai kisichojaa kinatosha. Changanya kwenye chakula alichokizoea. Kwa jumla, vionjo vyote vya siku visizidi asilimia 10 ya kalori anazokula, na ingawa majani hayana kalori za kutisha, nyama na jibini unavyomwongezea ili ayakubali vinazo.

Mpe aina moja tu, usubiri siku nne au tano kabla ya kujaribu nyingine. Ukimpa tatu kwa pamoja akaharisha, hutajua ni ipi. Katika siku hizo tazama kinyesi, tazama kama anajikuna masikio na nyayo, tazama kama uso unavimba. Akisusa bakuli, heshimu uamuzi wake. Na kama nyumbani kuna paka, bakuli la mbwa lisiachwe wazi: paka hudhurika na familia ya kitunguu kwa kiasi kidogo kuliko mbwa.

Jambo la mwisho lifanywe kabla jani la kwanza halijakatwa. Andika namba ya daktari wa mifugo na ya kliniki inayofungua usiku, uibandike ukutani jikoni, na uihifadhi kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba. Mbwa akila kisichofaa, piga simu mara moja hata kama anaonekana mzima, na zaidi sana kama ni kitunguu. Usimlazimishe kutapika kwa maji ya chumvi, maana chumvi yenyewe inaweza kumuua, wala usimmiminie mafuta au maziwa kinywani. Yanaweza kuingia mapafuni. Mweleze daktari uzito wa mbwa, alichokula, kiasi unachokadiria na saa aliyokula. Chukua kipande cha mmea kilichobaki, au pakiti ya mbolea au chambo, uende nacho, na kama ametapika njiani, piga picha ya matapishi umwonyeshe.