Maswali ya kasi zinazohusiana: usiharakishe kuweka namba

Mkisolvu maswali ya kasi zinazohusiana kwenye kalkulasi, yale ambayo kasi ya kitu kimoja inakupa kasi ya kingine, zuieni mkono kidogo. Kosa linalokula maksi nyingi ni kuingiza namba ya "wakati ule" kabla ya kutafuta derivativu, yaani kasi ya kubadilika.

Chukua ngazi ya mita 5 iliyoegemea ukuta. Kitako chake kinateleza kwenda mbali na ukuta kwa mita 0.5 kwa sekunde. Ncha ya juu inashuka kwa kasi gani kitako kikiwa mita 3 kutoka ukutani? Mlinganyo ni x² + y² = 25, x ikiwa umbali wa kitako kutoka ukutani na y kimo cha ncha ya juu. Ukiweka x = 3 hapo hapo, y inakuwa 4 tu, namba isiyobadilika, na kasi yake inatoka sifuri. Yaani umeigandisha ngazi! Ile 25 ni halali kuwepo tangu mwanzo, kwa sababu urefu wa ngazi haubadiliki. Ile 3 ni ya sekunde moja tu.

Kwa hiyo tafuta derivativu kwanza, kwa muda t: 2x(dx/dt) + 2y(dy/dt) = 0, ambapo dx/dt ni kasi ya x na dy/dt ni kasi ya y. Sasa weka x = 3, y = 4, dx/dt = 0.5. Unapata dy/dt = −0.375, yaani inashuka mita 0.375 kwa sekunde. Alama ya kutoa usiifute, ndiyo inayosema y inapungua.

Mimi huandika pembeni safu mbili kabla ya lolote: vinavyobadilika, na visivyobadilika. Kwenye tangi la umbo la pia (koni), uwiano wa nusu kipenyo r na kimo cha maji huingia safu ya pili, kwa hiyo huo utumie mapema kuondoa r.