Somo: Kuikoleza vokali kwa saturesheni bila kuikwaruza

Vokali (sauti ya mwimbaji) iliyozama kwenye biti haiokolewi na feda (kidhibiti cha ukubwa wa sauti) peke yake. Unaipandisha, inakuwa kubwa, lakini kwenye simu bado haisikiki vizuri. Saturesheni, yaani kuipasua sauti kidogo kwa makusudi, huongeza sauti ambazo hazikuwemo: noti ya Hz 200 inazaa 400, 600, 800 na kuendelea, na hizo ndizo spika ndogo inaziweza.

1. Kompresa (kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo) itangulie. Bila hivyo mistari ya kupayuka inapasuka, ya kunong'ona haiguswi.

2. Tuma vokali kwenye chaneli ya pembeni. Vokali kuu ibaki safi.

3. Huko pembeni panga hivi: EQ (kichujio cha sauti) inayokata chini ya Hz 200, di-esa (kifaa cha kupunguza ukali wa "s"), distosheni (kifaa cha kupasua sauti), kisha EQ nyingine inayokata juu ya kHz 7. Di-esa ikikaa baada ya distosheni umechelewa. "S" na "sh" zimeshageuka mchanga. Jaribu na mstari kama "usisahau siku zile", utasikia mwenyewe.

4. Kaza draivu (kiwango cha kupasua kwenye distosheni) mpaka uone imezidi. Shusha feda ya pembeni hadi chini, ipandishe taratibu biti ikipiga. Mara nyingi hutulia dB 12 hadi 18 chini ya vokali kuu. Ukiizima, mwimbaji arudi nyuma. Ukiiwasha, msikilizaji asijue kuna distosheni. Unapolinganisha, sawazisha ukubwa kwanza, maana sikio hupenda chenye kelele zaidi.

MASWALI

– Mkuu, nikiwasha ya pembeni vokali inakonda, kama mtu yuko ndani ya bomba.
– Plagini (programu ndogo ya athari, kama hiyo distosheni) inachelewesha sauti. Washa fidia ya ucheleweshaji kwenye programu yako. Isipotosha, geuza polariti ya chaneli ya pembeni (juu ya wimbi la sauti iwe chini). Ikinenepa, iache hapo hapo.

– Ovasampo, ile ya plagini kukokotoa kwa kasi kubwa kuliko ya rekodi, ni ya lazima? Kompyuta yangu inakwama.
– Rekodi ya kHz 44.1 haibebi kitu juu ya 22.05. Sauti ya kHz 9 ikizaa ya 27, hiyo inajikunja na kurudi kama 17.1, haina undugu na noti yoyote. Ovasampo hupunguza hilo. Izime ukiwa kazini, weka mara 4 unapotoa faili.

– Nina FL Studio tu ya kutengenezea muziki, hela ya plagini sina.
– Fruity Blood Overdrive imo humo. Au pakua Softube Saturation Knob, ni ya bure. Swichi weka Keep High.

– Na vokali iliyopasuka tangu kurekodi, mkuu?
– Hiyo rekodi upya. Kilele kisizidi dB -6.